Je, wajua? Mkono uliopooza kwa kiharusi haujafa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mkono uliopooza kwa kiharusi ni mkono uliokufa, na kwamba umeme unaotumika kuurudishia mwendo kazi yake ni kuushtua, kama fundi anavyoshtua gari lililolala na betri. Picha nzuri, ila ni ya uongo.

Kiharusi hakigusi mkono. Kinatokea ubongoni: mshipa wa damu huziba au hupasuka, na seli za eneo lile huanza kufa. Misuli ya mkono, neva zake, hata seli za uti wa mgongo zinazoiamuru misuli hiyo, vyote hubaki hai. Shahidi ni nyundo ya mpira ya daktari. Gonga kano ya kiwiko upande uliopooza, mkono unaruka wenyewe. Mara nyingi, wiki kadhaa baada ya kiharusi, unaruka kwa nguvu kuliko ule mzima. Vidole vya wagonjwa wengi hujikunja ngumi ngumu kiasi kwamba kuikunjua ni kazi. Kitu kilichokufa hakina ukaidi wa namna hiyo.

Hata umeme wenyewe unanisuta. Mwaka 1961 Liberson na wenzake, huko Marekani, waliripoti kifaa cha kuinua unyayo unaoburuzika baada ya kiharusi, na leo vipo vya mkono vinavyotumia pedi za kubandika kwenye ngozi. Hapo umeme kweli unakunja msuli, kwa hiyo kosa langu lilikuwa na pa kuegemea. Lakini mkondo ule hausisimui msuli moja kwa moja. Unasisimua neva iendayo kwenye msuli, kwa kuwa neva huamka kwa umeme mdogo zaidi. Neva ingekuwa imekufa kweli, kifaa hicho kisingefua dafu.

Basi kama mkono ni mzima, kilichopungua ni amri. Kutoka ubongoni hushuka nyuzi za neva mpaka kwenye uti wa mgongo wa shingoni, ambako hukabidhi ujumbe kwa seli zinazoendesha misuli ya mkono. Kiharusi huharibu nyingi, ila kwa watu wengi hubakiza chache. Amri inafika, lakini kwa kunong'ona.

Na seli ya neva haijui kutii nusunusu. Ifikirie kama kibaba. Maji yakifika mdomoni na kumwagika, seli hufyatua ujumbe na msuli hujikunja. Yakibaki chini ya mdomo hata kwa upana wa unywele, hakuna kinachotokea. (Kwa vipimo halisi, seli iliyotulia huwa karibu milivolti 70 chini ya sifuri, na mdomo wa kibaba uko karibu na 55 chini ya sifuri.) Ubongo mzima humimina kwa ndoo. Uliojeruhiwa hudondosha matone, na ile haba na haba ya methali haisaidii hapa, kwani kibaba hiki kinavuja: tone jipya hukuta la awali limeshapotea.

Mwaka 2023 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, Marco Capogrosso akiwa miongoni mwao, waliripoti namna ya kuukwepa mkwamo huo. Waya nyembamba zenye elektrodi huwekwa kando ya uti wa mgongo wa shingoni, na hapa ndipo penye kioja: hazilengi neva zinazopeleka amri mkononi. Zinalenga zile zinazoleta hisia kutoka mkononi, zinazoingia mgongoni kwa upande wa nyuma. Neva hizo zina matawi yanayomimina kwenye vibaba vilevile. Umeme hukijaza kibaba mpaka karibu na mdomo, basi. Tone la ubongo likianguka, kinamwagika. Kisichopata tone hakimwagiki. Ndiyo maana mkono unafuata nia ya mwenyewe. Umeme ukizidi, vibaba humwagika bila kuulizwa. Na kama kiharusi hakikubakiza uzi hata mmoja, hakuna tone la kusaidiwa.

Mshiriki mmoja aliweza kutumia kisu na uma kwa mara ya kwanza baada ya miaka 9. Ila tukanyage breki: washiriki walikuwa wanawake wawili tu, na walilinganishwa na nafsi zao wenyewe, umeme ukiwashwa na ukizimwa.

Ushahidi mpana zaidi uko kwenye njia ya ajabu zaidi, ya kusisimua neva ya vagasi, neva ndefu ipitayo shingoni kutoka ubongoni, ambayo haifiki mkononi kabisa. Umeme wa nusu sekunde hutumwa ubongoni kila mgonjwa anapofanya kitendo cha mazoezi, ili ubongo ukizingatie kitendo kile. Katika utafiti wa watu 108 uliochapishwa mwaka 2021, waliopata umeme walipanda kwa wastani alama 5 kwenye kipimo cha mwendo wa mkono chenye alama 66; wenzao, wenye kifaa kilekile lakini umeme wa kuigiza, alama 2.4. Marekani iliidhinisha kifaa mwaka huohuo. Tofauti ipo, muujiza haupo.

Wale wanawake wawili waliondolewa waya baada ya siku 29, kama ilivyopangwa. Wiki 4 baadaye, sehemu ya nafuu bado ilikuwepo, bila umeme wowote. Kibaba changu hakiwezi kueleza hilo. Ukifunga mfereji, maji yanapaswa kushuka. Kinachoshukiwa ni kwamba amri dhaifu ikiikuta seli iko tayari, tena na tena, kiungo kati yao huimarika. Yaani matone yenyewe yalinenepa.