Je, wajua skwea ya seremala hukionaje kitovu cha duara?

Nilikwenda kuchukua kiti kwa seremala mmoja wa Lamu, ndani ya vichochoro vya mji wa kale, nikamkuta ameinamia ubao wa duara wa mbambakofi, mpana kama sinia ya pilau ya watu wanne. Mteja aliuleta umeshakatwa, akataka uchongwe ua katikati. Sasa katikati ni wapi? Duara likichorwa kwa bikari, ncha huacha kitundu, na kitundu hicho ndicho kitovu. Ubao huu ulikuwa umepigwa msasa mpaka hauna alama hata moja.

Nilidhani atatoa futi aanze kusaka urefu mkubwa kuliko wote. Wapi! “Ndoo, mwanangu, shika hapa,” akaniambia. Akachukua skwea, kile kifaa chenye umbo la herufi L, akaweka kona yake sawasawa kwenye ukingo wa ubao, mikono miwili ya skwea ikalala juu ya ubao hadi kuuvuka ukingo wa upande wa pili. Pale kila mkono ulipokata ukingo akatia alama ya penseli, kisha akaziunganisha alama mbili kwa mstari. Akauzungusha ubao kidogo, akarudia. Mistari ikakatana. Hapo akagonga msumari mdogo.

“Ami, umejuaje kuwa ndipo?”

“Skwea haidanganyi.”

Akashika patasi yake, nami nikaondoka na kiti changu na swali langu. Kidato cha pili tulikariri kwamba pembe ya kitovuni ni mara mbili ya pembe ya ukingoni, tukapata alama zetu na kusahau. Kumbe ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya mzee yule.

Chora duara, kitovu chake kiite M. Weka nukta K popote kwenye ukingo. Hiyo ndiyo kona ya skwea. Mikono inakata ukingo kwenye A na B. Sasa vuta mstari kutoka K upite M na uendelee mbele. Tazama pembetatu AMK: MA na MK zina urefu mmoja, kwa kuwa zote mbili ni umbali kutoka kitovuni hadi ukingoni. Pembetatu yenye pande mbili sawa huwa na pembe mbili sawa, kwa hiyo pembe iliyo A ni sawa na kipande cha pembe kilicho K. Tuseme kila moja ni nyuzi 20. Pembe za pembetatu hujumlishwa kuwa 180, basi pembe ya M ndani ya pembetatu hiyo ni 140. Na kwa kuwa mstari wa K ulipita M na kuendelea, upande wa pili wa M unabaki na nyuzi 40. Ukingoni 20, kitovuni 40.

Fanya vivyo hivyo upande wa B. Kipande cha pili cha pembe ya K kikiwa 25, kitovuni utapata 50. Jumla ya K ni 45, jumla ya M ni 90. Badilisha namba utakavyo, kitovu kitatoa maradufu tu, kwa sababu kila upande umezidishwa mara mbili peke yake. M ikiangukia nje ya mikono ya pembe, unatoa badala ya kujumlisha, na jibu linabaki lile lile.

Skwea je? Kona yake ni nyuzi 90, kwa hiyo kitovuni lazima ziwe 180. Na nyuzi 180 si kona tena, ni mstari ulionyooka. A, M na B ziko kwenye mstari mmoja! Mstari wa penseli wa fundi hauna njia ila kupita kitovuni, kona iwekwe popote. Mstari mmoja haukuambii kitovu kiko wapi juu yake, ndiyo maana akachora wa pili.

Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeishi Alexandria huko Misri takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, aliyapanga haya katika kitabu cha tatu cha Elements, maandishi yake ya jiometri: pendekezo la 20 ni la kitovu na ukingo, na la 31 ni la nusu duara na pembemraba.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba hesabu haikuuliza K iko wapi. Pembe inategemea tao lililo mbele yake tu, lile kati ya A na B. Kama tao hilo lina nyuzi 60 kitovuni, basi ukitembea ukingoni upande wa pili, kila unaposimama utaliona kwa nyuzi 30.

Hili lina kazi baharini. Chukulia uko kwenye mashua nje ya Shela, na pwani kuna alama mbili zilizomo kwenye ramani, tuseme mnara wa msikiti na mlingoti wa simu, umbali wa kilomita 1. Ukipima pembe kati yake ukapata nyuzi 30, uko mahali fulani kwenye tao moja linalopita alama zote mbili. Kitovu chake kinatazama alama hizo kwa nyuzi 60, kwa hiyo zinafanya pembetatu ya pande zote sawa, na umbali kutoka kitovu hadi ukingo nao ni kilomita 1. Kama miamba yote ya hatari iko ndani ya tao hilo, nahodha anaangalia jambo moja: pembe isizidi 30. Ikizidi, ameingia ndani. Ikipungua, yuko nje na salama. Mabaharia hupima kwa sekstanti iliyolazwa. Kwa kubahatisha, ngumi mbele ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, basi ngumi tatu. Ila mashua yangu singeikabidhi kwa ngumi.

Mahali wanafunzi wengi hukwama ni pale K inapohamia kwenye lile tao dogo lenyewe, kati ya A na B. Ghafla pembe inakuwa 150, na mtu anadhani kanuni imevunjika. Haikuvunjika. Sasa K imegeuka inatazama tao kubwa, lenye nyuzi 300, na nusu yake ni 150.

Nyumbani nilijaribu kwa kona ya karatasi na kifuniko cha sufuria, nikachora mistari mitatu badala ya miwili. Haikukutana, iliacha pembetatu ndogo katikati. Nikakigeuza kifuniko, nikaona upande mmoja umebonyea tangu kilipoanguka sakafuni. Kwa sahani ya udongo, yote mitatu ilipita nukta moja.