Faini ya kushushia abiria uwanja wa ndege Uingereza: je, ukiipuuza inajifia?

Madereva wengi nchini Uingereza, wakiwemo ndugu zetu wanaosindikiza wageni, huamini kwamba faini waliyoandikiwa baada ya kubishana na mhudumu wa eneo la kushushia abiria si ya polisi, hivyo ukiipuuza itajifia.

Sehemu ya kwanza mara nyingi ni kweli: karatasi hiyo kwa kawaida ni dai la kampuni binafsi linaloegemea masharti ya kwenye mabango. Hata hivyo, dai hilo laweza kufikishwa mahakama ya madai, na asiyejibu hati za mahakama huweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Deni la hukumu lisipolipwa ndani ya mwezi mmoja, hubaki kwenye kumbukumbu zake za mikopo kwa miaka 6.

Ubishi wenyewe, hata ukiwa mkali kiasi gani, hausaidii sana. Kinachopimwa ni saa zilizonaswa na kamera, mabango kama yalisomeka, na malipo, kwa kuwa viwanja kadhaa havina kizuizi na ada hulipwa mtandaoni kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Basi soma uone kama karatasi inataja mkataba au kanuni za uwanja, omba picha, kisha iandikie kampuni pingamizi, kwa kawaida ndani ya siku 28, na kabla ya kulipa, maana kulipa kiasi kilichopunguzwa huchukuliwa kuwa umekubali.