Viza ya Schengen ya mwaka si ruhusa ya kukaa mwaka

Wengi huamini kwamba mwenye viza ya Schengen (eneo la nchi 29 za Ulaya zenye viza moja ya pamoja) ya kuingia mara nyingi akikaribia siku 90 anatoka hadi London, iliyo nje ya eneo hilo, anarudi, na hesabu inaanza upya. Haianzi. Mtalii haruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya siku 180 zozote, nchi zote 29 zikihesabiwa pamoja. Kila siku uliyo ndani, rudi nyuma siku 180, ukianza na ya leo, ujumlishe siku zote ulizokuwa ndani. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo, na hapo ndipo watu hupitiliza. Aliyekaa Januari 1 hadi Machi 31 katika mwaka wa siku 365 ataweza kuingia tena Juni 30, siyo Aprili. Soma pia stika yenyewe ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti: wakati mwingine siku ulizopewa ni chache kuliko 90.