Je, wajua kwa nini skana ya saiba haioni negativu?

Peleka ukanda wa negativu za harusi kwenye saiba yoyote ya Malindi, uulaze kwenye kioo cha skana, kisha usubiri. Kitakachotoka ni mstari mweusi tititi, pengine wenye vivuli vya kahawia visivyotambulika. Mashine haina ubovu, na negativu nazo ni nzima. Sababu ni njia ya mwanga.

Skana ya makaratasi ina taa chini ya kioo. Mwanga hupanda, hugonga karatasi, kisha hurudi chini kwenye kihisi. Karatasi nyeupe hurudisha mwingi, wino hurudisha kidogo, na tofauti hiyo ndiyo picha. Negativu haikutengenezwa irudishe mwanga, ilitengenezwa iupitishe. Fundi wa studio aliiweka kwenye mashine ya kukuzia, taa ikiwa juu, mwanga ukapenya filamu na kuangukia karatasi. Kwa hiyo skana ya bapa, yaani ya kioo kama hiyo ya saiba, inayofaa ni ile yenye taa ya pili ndani ya kifuniko, ya kumulika filamu kutoka juu. Muulize muuzaji hilo kabla hujauliza bei.

Swali linalofuata ni negativu zako ni za aina gani, na jibu lake liko nyumbani, ndani ya mkebe unamozihifadhi. Toa ukanda mmoja, ushike kingoni, uuelekeze dirishani. Filamu ya milimita 35 ina matundu pande zote mbili, na kila picha ni milimita 24 kwa 36. Filamu ya 120, iliyotumiwa sana na studio, haina matundu, na picha yake ina upana wa karibu sentimita 6. Pembeni huenda ukaona maandishi kama KODAK SAFETY FILM. Yakisomeka sawasawa, basi upande unaokutazama ni ule unaong'aa. Ule wa nyuma, uliofifia, ndio uliobeba picha, na huo usiuguse kabisa. Angalia na rangi yake. Filamu ya rangi ina uchungwa kote, ya nyeusi na nyeupe ni ya kijivu. Uchungwa ule si uzee. Kiwanda kiliuweka makusudi kurekebisha kasoro za rangi za filamu yenyewe, na programu ya skana huuondoa.

Ukishajua ulicho nacho, uchaguzi wa mashine unakuwa mwepesi. Plustek OpticFilm 8200i, skana ya filamu peke yake, ni nzuri kwa milimita 35, lakini filamu ya 120 haiingii humo hata ufanyeje. Epson Perfection V600, ambayo ni skana ya bapa, hupokea zote mbili. Kwa mkebe uliochanganyika, kama ilivyo mingi huku kwetu, mimi ningechukua ya bapa bila kusita.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa sababu ya tarakimu za kwenye boksi. V600 imeandikwa nukta 6400 kwa inchi, na ile Plustek 7200. Hesabu hizo ni za hatua ambazo mashine huchukua, si za undani inaoweza kuuona. Undani hupimwa kwa bamba lenye mistari inayozidi kusongamana, mtindo wa lile la jeshi la anga la Marekani la mwaka 1951, na unatazama mistari inaanza kushikana wapi. Kwa kipimo hicho V600 hubaki na takriban robo ya tarakimu yake, na Plustek huwa karibu nusu. Ukiamuru nukta 7200 kwa picha moja ya rangi ya milimita 35, kwa ubora wa juu kabisa, utapata faili ya takriban megabaiti 400. Kwa nukta 3600 ni kama megabaiti 100, na undani ni uleule.

Unahitaji kiasi gani basi? Picha ya sentimita 10 kwa 15 ya kuweka kwenye albamu inataka pikseli 1200 kwa 1800 hivi. Nukta 2400 za kweli kwenye milimita 35 hukupa 3400 kwa 2270, za kutosha hata kwa picha ya kutundika ukutani. Na negativu kubwa ya studio, kwa kuwa ina eneo zaidi, inaridhika na nukta chache. Ndiyo maana skana ya bapa ileile inayoonekana dhaifu kwenye filamu ndogo hutoa picha ya kupendeza sana kwenye filamu ya 120.

Kuna kifaa kimoja kinachostahili kulipiwa, lakini si na kila mtu. Kinaitwa Digital ICE katika skana za Epson. Mashine humulika filamu kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Rangi za filamu huupitisha, vumbi na mikwaruzo huuzuia. Hapo skana inapata ramani ya uchafu na kuujaza kwa rangi za jirani yake. Kwa harusi za miaka ya 80 na 90 zilizopigwa kwa rangi, itakuokoa saa nyingi za kusafisha kwa mkono. Lakini picha ya nyeusi na nyeupe ya zamani imeundwa kwa chembe za fedha, na fedha huuzuia mwanga huo pia. Mashine itaidhania sura ya bibi yako kuwa ni vumbi. Kwa hizo, kizime kifaa hicho na utumie brashi laini.

Mwenye negativu chache hahitaji kununua skana. Kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya kupigia vitu vya karibu, ikitazama chini kwenye taa nyeupe iliyotulia, hushinda skana nyingi za bapa kwa filamu ndogo. Ukitumia skrini ya simu kama taa, weka plastiki nyeupe juu yake na uinue negativu sentimita kadhaa, la sivyo vijinukta vya skrini vitaingia kwenye picha.

Lamu ilikuwa na wapiga picha wa kujivunia, kama Omar Said Bakor na picha zake za kuunganisha, na kazi ya studio za mwambao bado imo kwenye makasha ya watu. Joto na unyevu wetu haviisubiri. Ukungu hula jelatini iliyobeba picha na kuifanya iyeyuke kwa maji, hivyo negativu yenye ukungu usiioshe. Ukifungua mkebe ukasikia harufu ya siki, plastiki ya asetati imeanza kuoza, na mvuke wake unaziambukiza zilizo karibu. Zitenge hizo siku hiyohiyo, kila ukanda kwenye bahasha yake ya karatasi, na uzitangulize kwenye skana kabla hazijajikunja. Fanya kazi hiyo wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, usingoje masika.