Figo "kali" sio ngazi ya juu ya figo "sugu"

Juzi tena nimemsikia mtu kwenye daladala anasimulia eti jirani yake "figo zilikuwa sugu, sasa zimefika kali". Jamani.

Maana yenyewe fupi. Hiyo "kali" kitaalamu ni jeraha kali la figo, yaani figo kupunguza kazi ghafla, ndani ya masaa au siku chache. Kwa vigezo vya 2012 vya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, kreatinini kwenye damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja) ipande angalau mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ifike mara 1.5 ya kawaida yako ndani ya siku 7, au mkojo upungue sana, yaani mtu wa kilo 60 saa 6 zinapita hajajaza hata kikombe cha chai.

Sasa neno. Sugu linatokana na kusugua, ni ile ngozi nene kwenye nyayo za anayetembea peku au kwenye paji la mzee wa swala tano, kitu cha muda mrefu, na figo sugu ni kuanzia miezi mitatu. Hapo sawa. Shida ni kali, maana kwetu pilipili kali, mbwa mkali, jua kali, yote ni habari ya nguvu, wakati neno la madaktari lilitoka kwenye Kilatini acutus, kilichochongoka, wakalitumia kwa ugonjwa unaoanza ghafla. Tulipotafsiri tukabaki na makali, muda tukauacha. Mimi ningesema "la ghafla" yaishe, kwanza hilo hilo "kali" lina hatua 3 na wa hatua ya kwanza anaweza kuja kliniki kwa miguu yake.

Tena mara nyingi chanzo hakiko hata kwenye figo, umeharisha na kutapika, umemwaga damu nyingi wakati wa kujifungua, presha imeshuka kwa maambukizi, figo zinakosa damu, au tezi dume imebana njia ya mkojo. Zinazoumia zenyewe ni kama kwa malaria kali au sindano za antibiotiki ya gentamisini. Ndio maana daktari anakuuliza umemeza diklofenaki ngapi (dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo), anapima mkojo, anakupeleka ultrasaundi, sababu figo sugu mara nyingi zimesinyaa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa daladala, jirani yako anaweza kabisa kuwa navyo vyote viwili, sukari imemla figo miaka, halafu kaharisha siku tatu akapata na la ghafla juu yake. Sema tu "kali juu ya sugu", sio "sugu imefika kali", na hilo la juu likiwahiwa linaweza kuondoka.