Kuchuja mafuta ya kukaangia hakuyageuzi dizeli

Kigoma wapo wanaoamini kwamba mafuta yaliyokwisha kukaangia migebuka, ukiyachuja kwa kitambaa, yanafaa kutiwa moja kwa moja kwenye injini ya mashine ya kusaga. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Itawaka, ndiyo. Shida huja baadaye.

Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli takriban mara 10, hivyo nozeli (kitundu kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini) hushindwa kuyarusha kama ukungu. Masizi hujijenga, ringi za pistoni hunata. Mawese ndiyo yenye matata zaidi, maana huanza kuganda hata kwa ubaridi wa asubuhi tu.

Kuchuja huondoa makombo, basi. Kinachotakiwa ni kemia: mafuta yaliyokaushwa maji huchanganywa na methanoli (alkoholi yenye sumu) na kostiki soda kwenye nyuzijoto 60 hivi. Glisirini, kimiminika kizito kinachotokea humo, hutuama chini. Juu hubaki dizeli ya mimea, nayo huoshwa na kukaushwa. Lita 100 za mafuta hutaka methanoli kama lita 20. Methanoli hupofusha na mvuke wake hulipuka, kwa hiyo hii si kazi ya jikoni.