Altrasaundi ya Ndani katika Saratani ya Umio: Maswali na Majibu

Nimeshafanyiwa endoskopi na saratani imethibitishwa. Kwa nini naambiwa nipitishiwe mpira tena?

Endoskopi ya kwanza ilitumia kamera, na kamera huona uso wa ndani wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) tu. Ilitosha kuonyesha uvimbe ulipo na kuchukua kinyama cha kupeleka maabara, lakini haikuweza kueleza uvimbe umezama kiasi gani. Mpira wa pili una kifaa kidogo cha altrasaundi kwenye ncha yake. Kwa kuwa kifaa hicho hugusana na ukuta wa umio wenyewe, badala ya kupimia juu ya ngozi kama mama wajawazito wanavyopimwa, picha yake huonyesha hata vitu vya milimita chache.

Daktari huangalia nini?

Ukuta wa umio huonekana kwenye skrini kama tabaka tano, nyeupe na nyeusi zikipishana. Uvimbe hutokea kama doa jeusi linalozikatiza tabaka hizo, na kazi kubwa ya daktari ni kufuatilia doa hilo limekomea wapi. Likiwa bado kwenye tabaka za juu, hatua huitwa T1. Likifika kwenye misuli ni T2. Likivuka misuli ni T3. Na likishika viungo vya jirani, kama vile njia ya hewa au mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ni T4.

Vilevile hukagua tezi za limfu, yaani vifundo vidogo vya kinga ya mwili, zilizo kando ya umio. Tezi ya mviringo, nyeusi, yenye mipaka iliyo wazi na inayozidi sentimita 1 hutiliwa shaka. Hata hivyo shaka si uthibitisho, hasa katika nchi zetu ambako kifua kikuu nacho huvimbisha tezi, na ndiyo maana daktari anaweza kupitisha sindano nyembamba ndani ya mpira huohuo na kunyonya chembechembe za kupimwa.

Majibu hayo hubadilisha nini katika tiba?

Hapa ndipo thamani ya kipimo ilipo. Uvimbe ambao haujavuka utando wa juu kabisa unaweza kuondolewa kwa endoskopi bila kufungua kifua, ingawa kwa uvimbe mdogo kiasi hicho altrasaundi hukosea mara kwa mara, na jibu la uhakika hutoka maabara baada ya kipande chote kukatwa. Uvimbe uliovuka misuli au kufikia tezi kwa kawaida huanzishiwa tibakemikali, mara nyingi pamoja na mionzi, kabla ya upasuaji. Ukiwa umeshika njia ya hewa au mshipa mkuu, upasuaji wa kuuondoa haufai, na mgonjwa huepushwa na operesheni kubwa isiyomponya.

Je, kila mgonjwa anakihitaji?

Hapana, na jambo hili linastahili kusemwa waziwazi kwa sababu familia nyingi hutafuta fedha kwa shida. Afrika Mashariki imo katika ukanda wenye saratani nyingi ya umio, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wanameza uji au maji tu. CT (picha za eksirei za ndani ya mwili zinazotengenezwa kwa kompyuta) ikishaonyesha kuwa saratani imefika kwenye ini au mapafu, altrasaundi ya ndani haitabadilisha matibabu; kinachohitajika ni nafuu ya kumeza, kwa mfano kuwekewa stenti, yaani kibomba cha kuuweka umio wazi, huduma ambayo Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imewapa wagonjwa wengi. Umio ukiwa umebana sana, mpira unaweza usipite kabisa, na kuupanua kwa nguvu kunaweza kuutoboa. Kwa hiyo, kabla ya kulipia, muulize daktari: majibu ya kipimo hiki yatabadilisha tiba yangu kwa namna gani?

Nijiandae vipi, na kuna hatari gani?

Kwa kawaida hutakula kwa saa 6 hadi 8. Mwenye umio uliobana anaweza kuambiwa afunge zaidi, kwa kuwa chakula hukwama juu ya uvimbe na kinaweza kuingia mapafuni wakati wa dawa ya usingizi. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na za kisukari. Koo kuuma kwa siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kifua, homa, kutapika damu au kupumua kwa shida ni dalili za kurudi hospitali saa hiyohiyo.